Nilipata mke kwa harufu ya VR, sasa harufu imeisha

Wakuu, amani kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe, hapa hapa Kilwa Masoko. Anayebisha aje, nitamuonyesha kidude na mke.

Mimi ni fundi simu. Kuna jamaa wa Dar alikuja kurekodi magofu ya kisiwani kwa ajili ya VR, zile video za kuvalia miwani ukajiona uko humo ndani. Miwani yake ina kiboksi kinakaa chini ya pua. Ukiona bahari, kinakupulizia harufu ya chumvi. Ukiingia nyumba ya sultani, unapulizwa udi.

Watu wamesoma mpaka chuo kikuu ili tunuse video. Haya.

Kiboksi kikafa, jamaa akaniachia. Nikakifungua nyumbani, nikabadilisha kifeni. Kikawaka, ila kikang'ang'ania udi tu.

Wakati huo nilikuwa nimepeleka posa kwa Mwanaidi, binti wa kijiji cha Miteja. Roho yangu yote iko kwake. Kwao hawajajibu, na mnajua, kabla ya jibu lazima atumwe mtu kuchungulia muoaji anaishije.

Akatumwa shangazi yake. Huyu mama alishamkataa mchumba mmoja eti anakoroma mchana.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nani kafukiza udi?"

"Hakuna, ni hiki kidude."

Akakigeuza geuza. Akachungulia jikoni, akainama mpaka uvunguni.

"Chetezo kiko wapi? Udi bila kaa la moto, mwanangu?"

Watu wa pwani mshaelewa. Udi ukinukia na hakuna anayefukiza, mwenye nyumba haishi peke yake.

Nikajua posa imekwenda na maji. Nikaanza kumweleza betri, kifeni, kichupa cha mafuta. Kadiri ninavyoeleza ndivyo ninavyoonekana muongo. Jasho linanitoka.

Akanishika mkono. "Usijieleze sana. Wa kuogopwa ni wale wanaonuka vibaya. Huyu wako msafi, na kwa swala anakuzidi wewe."

Wiki haikuisha, posa ikakubaliwa. Nimeoa kwa udhamini wa jini ambaye hayupo.

Ila shangazi aliacha sharti: siku huyo jini, yeye anamwita mgeni wangu, akihama na udi usinukie, ujue nimemkosea, na shangazi anamrudisha binti yao Miteja. Nimemweleza ukweli mara nyingi, anatabasamu tu. Basi kila akija, nawasha kidude.

Juzi kichupa kikakauka. Siku hiyo hiyo napigiwa simu, shangazi yuko Nangurukuru, anapanda bodaboda kuja kwangu.

Nikafunga ofisi nikakimbia. Wakuu, niliogopa kweli, kichwani namuona mke wangu anafungasha nguo.

Nafungua mlango, nyumba nzima inanukia udi.

Nikakivamia kidude. Kikavu kabisa, betri nimeitoa mwenyewe asubuhi. Nywele zikasimama. Nikaanza kusoma kila aya niliyowahi kufundishwa madrasa, nyingine nusu nusu.

Nikatokea uani. Mwanaidi kachuchumaa chini ya dirisha, chetezo mbele yake, anapepea kwa ungo moshi uingie ndani. Macho mekundu, anakohoa.

"Nilijua tu hicho kidude kitaisha siku moja," akasema. "Nenda kampokee shangazi. Mwambie mgeni yupo."

Nilimpenda upya pale pale.

Nilichojifunza: vidude vinaisha mafuta, kwa hiyo oa mtu anayetaka mkae.

Wenye wakwe wa kukagua nyumba, shusheni yenu hapa chini. Na anayejua yanapouzwa mafuta ya hiki kidude aseme, shangazi kaaga kwamba Ijumaa anarudi na wenzake kumsalimia mgeni.