Lango Lisilo na Wavu la Mwakiro

Siku yangu ya kwanza kama mwamuzi wa mpira nilivaa kaptura niliyoishona mwenyewe, na ilikuwa fupi mno. Mimi ni fundi cherehani, mtoto wa mtaa wa Waislamu nyuma ya soko la Gitega, hapa Burundi, na niliona aibu kwamba mtu anayepima viuno vya mji mzima amekosea vipimo vyake mwenyewe. Mkuu wa Waamuzi wa mkoa, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kengele, hakuitazama hata kidogo. Alinipa kibendera chekundu, tukaenda Bukirasazi, na njia nzima akawa ananiuliza sheria za mpira kama niko kwenye mtihani wa darasa la sita.

Nyinyi vijana wa siku hizi mnaojifunza filimbi mmezoea kuona mechi kwenye simu, kwa hiyo niwaeleze ligi yetu ilikuwaje. Ilikuwa ya chini kabisa, ya vilabu vya komini, zile tarafa zetu ndogo ndogo. Walicheza wakulima, mafundi, wabeba mizigo wa baiskeli, na shemasi mmoja aliyekuwa akiomba msamaha kabla hajakupiga kiatu. Mistari ya uwanja ilichorwa kwa majivu. Kila nyumba ya jirani ilitoa kopo lake, na majivu yakiisha kabla ya kona ya mwisho, tuliweka ndala pale na kucheza. Nguzo za lango zilikuwa miti ya mikaratusi. Wavu haukuwepo.

Msicheke. Lango lisilo na wavu ni mtihani mzito. Mpira ulioingia na mpira uliopita kando ya nguzo huishia mahali pamoja, yaani kwenye miguu ya watu waliosimama nyuma. Ukiwa mbali, ukiwa na jua usoni, utajuaje? Siku ile Bukirasazi, Mkuu alinishika bega akanifundisha.

"We Rajabu, mpira ikishavuka, usiifuate. Angalia watu. Ikiingia, watu ya katikati ya nguzo wanafungua njia. Ikipita inje, wanafungua wa pembeni. Miguu ya watu haidanganyake, umesikia?"

Mbinu hiyo tuliiita kusoma watu. Nikasoma watu miaka mingi, na nilijivuna kwa hilo kuliko kwa cherehani yangu.

Baada ya Bukirasazi nilipelekwa Mutaho, na huko ndiko nilikopewa filimbi. Mutaho ilinifundisha karatasi ya mechi, ile fomu ambayo mwamuzi huandika majina, mabao, kadi na jambo lolote lililotokea. Kila jina lilitakiwa kuwa na leseni yenye picha. Siku moja nikakuta picha ina ndevu na mchezaji hana hata kivuli cha ndevu. Nikamwita Kamishna wa Mechi, yule msimamizi anayekaa pembeni na kofia yake, nikamwambia huyu ni mdogo wake mwenye leseni. Kamishna akaitazama picha, akamtazama kijana. "Bon," akasema, "ndevu inanyolewaka." Kijana alicheza, akajifunga bao mwenyewe, nami nikaona haki imetendeka.

Lakini sikukaa hapa niwasimulie ndevu. Nataka niwaeleze kuhusu Mwakiro.

Mwishoni mwa msimu, mechi za kupanda daraja zilichezeshwa na waamuzi wa kuazima kutoka mkoa mwingine, ili asipatikane mtu wa kusema mwamuzi ni shemeji wa nahodha. Ndivyo nilivyotumwa mkoa wa Muyinga, timu ya Mwakiro ikicheza nyumbani na timu ya mjini. Sare ingewatosha Mwakiro. Timu yao ilikuwa ya wakulima, wengi wao waliorudi kutoka Tanzania, waliokulia kwenye kambi za wakimbizi. Kipa wao, Elia, mrefu na mpole, alinisalimu kabla ya mechi kwa Kiswahili kilichonyooka hadi nikajisikia kama nimevua viatu msikitini. "Shikamoo, mwamuzi. Tunakutakia kazi njema."

Nyuma ya lango lake ardhi ilishuka ghafla, na kutoka huko chini ilipanda njia ya mkato ya kwenda kituo cha afya. Watu walikuwa wamejipanga ukingoni, na wengine walisogea hadi kwenye mstari wa pembeni wakamziba mwenzangu wa kibendera. Mechi ilikuwa karibu kwisha, hakuna bao, pale mshambuliaji wa mjini alipopiga shuti la chini. Mpira ukavuka. Nikafanya nilivyofundishwa, nikatazama watu. Katikati ya nguzo wakafungua njia, pana kabisa.

Nikapiga filimbi. Bao.

Sasa, mwamuzi akishapuliza filimbi ya bao hugeuka na kukimbilia katikati ya uwanja. Haangalii nyuma. Ukiangalia nyuma, wanajua una shaka, na watakula nyama yako. Kwa hiyo niligeuka. Wachezaji wa Mwakiro walinizunguka wakipiga kelele, lakini ni lini aliyefungwa hakupiga kelele? Nilipotazama tena langoni, kipa hayupo.

"Kipa wako yuko wapi?" nikamwuliza nahodha.

"Mi sijui! Amekimbia!"

Waliweka kipa mwingine, mechi ikaisha, timu ya mjini ikapanda daraja. Kwenye karatasi ya mechi nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba kipa alitoka uwanjani bila ruhusa ya mwamuzi. Adhabu ya kosa hilo ilikuwa kufungiwa msimu mzima. Nikarudi Gitega, nikala vizuri, nikalala vizuri.

Majuma machache baadaye Mkuu aliniita ofisini kwake. Alikuwa na barua ya katibu wa timu ya Mwakiro. Akanisomea polepole, akivua miwani kila baada ya mstari. Barua ilisema mpira ulipita nje ya nguzo kwa kadiri ya kiganja. Watu walifungua njia katikati kwa sababu ingobyi ilikuwa inapanda kutoka kule chini. Ingobyi, kwa asiyeijua, ni machela ya kusukwa yenye miti, ambayo kwayo wanaume wanne hubeba mgonjwa mabegani. Juu yake alikuwepo Esta, mke wa Elia, na uchungu wa uzazi uliokuwa umegoma tangu alfajiri. Desturi yetu wote tunaijua, awe Mwislamu au Mkristo. Mwanaume akikutana na ingobyi hapiti hivi hivi, hupokea mti akabeba, hata hatua chache. Elia aligeuza kichwa, akamwona mkewe, akapokea mti. Nani asingepokea? Ningeiona mimi, ningetupa filimbi.

Katibu hakuomba bao lifutwe. Aliomba jina la kipa. Kijijini, watu waliouma meno kwa kukosa daraja walikuwa wakimwambia mbele ya watoto wake, "Huyo kukimbia iko kazi yake. Alikimbia na wazazi, sasa anakimbia goli." Na adhabu niliyoiandika ndiyo iliyokuwa ushahidi wao.

Mkuu akaikunja barua. "We unajua, ripoti ya arbitri iko ya mwisho. Kama we haujabadilisha, hakuna mtu atabadilisha. Na jina yako iko kwenye listi ya kupanda kule juu, mi mwenyewe nimeituma. Alors, ukiandika ulikosea, watasema nini? Watasema Rajabu iko anafunga goli na macho ya watu." Akaiweka barua mezani. "Mi ndiye nilikufundisha ile. Inaniuma pia."

Nilikuwa naitaka sana ile orodha. Nisiseme uongo. Nilikuwa nimeshajishonea hata kaptura ya daraja la pili, safari hii kwa vipimo sahihi, na mke wangu alikuwa ameshawaambia majirani.

Kabla sijajibu nilikwenda Mwakiro. Nilipanda gari hadi Muyinga mjini, kisha baiskeli ya kukodi, na kilima cha mwisho nikashuka nikamsaidia dereva kusukuma. Nilimkuta Elia akipalilia maharage. Akaweka jembe chini, akanawa mikono, akanikaribisha ndani kama baba mkwe. Nilikuwa nimeandaa hotuba njiani, nikaiacha mlangoni.

"Elia, nilikuandika vibaya," nikasema. "Niliwatazama watu, sikutazama mpira. Halafu sikuuliza ulikwenda wapi."

Akanivutia kigoda. "Mzee wangu," akasema, "kuhusu bao, nilishasamehe. Mpira una makosa. Lakini lile neno la kukimbia, nililisikia kambini, nikalisikia siku tuliporudi, na sasa limeandikwa. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi."

Hapo Esta akatokea mlangoni na mtoto mgongoni, msichana mwenye nywele nyingi kama kofia. Alikuwa amesikia yote. "Kwa hiyo mwamuzi," akaniuliza, "mpira haukuingia, ila nilipita mimi katikati ya nguzo?"

"Ndivyo, mama."

"Basi lile bao nililifunga mimi. Na sikupewa hata mkono wa pongezi."

Elia akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi nikacheka na machozi yakanitoka, siyo ya kicheko yote. Nikampa Esta mkono wa pongezi kwa mikono miwili, nikambeba mtoto, akanikojolea suruali. Nikaipokea kama kadi ya njano.

Ripoti niliiandika upya kwenye meza yangu ya cherehani. Niliandika kwamba niliamua bao bila kuuona mpira ukivuka, kwamba kipa alitoka kubeba ingobyi ya mkewe, na kwamba sikufanya wajibu wangu wa kuuliza. Mkuu aliisoma mara mbili akapiga muhuri. Matokeo hayakubadilika, kwa kuwa bao likishatolewa na mechi kuisha haliondolewi. Lakini adhabu ilifutwa, na katibu wa Mwakiro aliisoma ripoti ile uwanjani mbele ya watu wote, Elia akiwa amesimama langoni. Jina langu liliondolewa kwenye orodha. Nilibaki ligi ya komini hadi mvi, mwamuzi, kisha Kamishna wa Mechi mwenye kofia. Kuna siku iliniuma. Siku nyingi haikuniuma.

Watu huniuliza kama najuta kutoona viwanja vya nyasi. Najuta jambo moja tu, kwamba niligeuka haraka. Vijana wangu, sheria zitawafundisha mengi, lakini ukishapuliza filimbi, chelewa kidogo. Geuza shingo uone nani ameondoka, umwulize kwa nini. Wakidhani una shaka, waache wadhani.

Mwaka wa kustaafu niliomba mechi yangu ya mwisho iwe Mwakiro, na nikaomba nipulize filimbi mwenyewe ingawa magoti yalipinga. Msimu wote wa mvua nilikuwa nimesuka nyavu mbili kwa uzi wa nailoni na sindano ya magunia, mke wangu akijikwaa humo kila alipovuka sebule na kuniuliza kama nimeanza kuvua samaki ndani ya nyumba. Elia, ambaye sasa anafundisha makipa, alipanda nguzo kufunga wavu juu. Esta alifunga kona ya chini, akakaza fundo mara tatu, akaniambia safari hii hapiti mtu.

Bao lilikuja mapema, katika lango lile lile. Mpira uliingia ukakaa kwenye wavu ukitetemeka, uwanja mzima ukauona. Nikapuliza filimbi. Kwa mazoea macho yangu yakaenda kwa watu waliokuwa nyuma. Hakuna aliyefungua njia. Walikuwa wamesimama karibu karibu ukingoni, Elia na Esta katikati, na kati yao yule msichana wa siku ile, mrefu kama baba yake, akinipungia mkono. Sikugeuka. Nilisimama pale nikiwatazama hadi nahodha akanijia akaniuliza kama mechi imekwisha.

Nikamwambia bado kidogo.