Kanda za Kilio za Metaxia

Kwetu Kato Lithari, kijiji cha mlimani kusini mwa Ugiriki, mtu akifa, wanaume hukaa uani wakivuta sigara na kulalamikia bei ya mafuta ya zeituni, na wanawake hukaa ndani wakimwimbia maiti. Si kulia tu, maana kulia hata paka hulia. Wanaimba ubeti kwa ubeti, wanatunga papo hapo, na ndani ya beti hizo husema yote: marehemu alikuwa nani, nani alimpenda, nani alimdhulumu. Hasa nani alimdhulumu. Maneno ambayo ukiyasema njiani utatafutiwa bunduki, ukiyaimba juu ya maiti hakuna wa kukugusa. Yakishaimbwa huzikwa naye. Baada ya siku chache mwimbaji na aliyeimbwa hukutana mkahawani kwangu, wakaulizana habari za mbuzi.

Metaxia alikuwa bingwa wa kazi hiyo, yeye na jirani yake Paraski. Alizaliwa kwenye nyumba ya mnara iliyokuwa imeshapoteza paa, akaolewa na baharia, hakujaliwa mtoto. Mumewe alimletea kutoka bandari za mbali redio ya kanda, nyekundu, kubwa kama sanduku la mkate, ili asikilize nyimbo akiwa peke yake. Metaxia nyimbo za redioni hakuzipenda. Alisema zote zinamlilia mtu aliye hai, tena mzima wa afya. Basi akaanza kuibeba redio ile kwenye misiba, anaiweka chini ya kiti, anabonyeza kitufe, halafu anafunga kitambaa cheusi kichwani na kuanza kuimba.

Akapata kanda nyingi, akazipanga ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Kila kanda na jina la marehemu wake. Watu walianza kumzoea. Ikifika kumbukumbu ya mwaka, wenye msiba walikuja jikoni kwake, anawapikia kahawa, anafunga mlango, anawawekea kanda. Lakini kwanza aliwatazama waliokuja. Kama miongoni mwao kulikuwa na mtu aliyesemwa ndani ya wimbo, Metaxia alikuwa akijua ubeti huo unakaa wapi. Ukikaribia, alipatwa na kikohozi kikali, akainama kwenye redio, na akimaliza kukohoa ubeti ulikuwa umeshapita. Kila mtu alielewa, na kila mtu alimshukuru kwa kumpelekea jibini.

Mwenyewe aliogopa jambo moja tu. Sisi huku kufa si shida, shida ni kuzikwa bila kuliliwa. Asiyeliliwa ni kama aliyetupwa. Metaxia hakuwa na binti, hakuwa na dada. Mara nyingi alisema mbele yangu, huku akimtazama Paraski kwa jicho la kuomba: "Nimewaimbia nusu ya mlima huu. Na mimi nani ataniimbia?"

Paraski humjibu: "Mimi hapa. Kwanza ufe, bibi wee. Unanichelewesha."

Wakacheka, na mimi nikawaletea kahawa nyingine.

Mambo yaliharibika siku redio ilipotafuna kanda ya mama yake. Aliiweka asubuhi ya kumbukumbu, ikatoa sauti ya mbuzi anayechinjwa, kisha ikanyamaza. Alipofungua, utepe ulikuwa umejiviringa ndani kama matumbo ya kuku. Akafungua sanduku la bati, akakuta kanda nyingine zimeota ukungu. Alikuja mkahawani akiwa ameshika ule utepe mkononi, hajafunga hata vifungo vya sweta.

Bahati mbaya ilikuwa mwezi wa nane, na mpwa wake Dikeos alikuwa amekuja kutoka Piraeus kuota jua. Huyu ni kijana wa miaka arobaini, simpendi wala sikatai kwamba ana moyo mzuri. Moyo mzuri usio na akili una hasara kuliko moyo mbaya. Aliagiza kahawa ya barafu, akautazama ule utepe, akacheka.

"Shangazi, hizi zinaoza."

"Na mimi naoza. Utanipeleka wapi?"

"Nipe zote. Kuna mtu mjini anazisafisha, anazihamisha. Nitakuwekea kwenye simu. Haziliwi na redio, hazioti ukungu, unasikiliza popote."

"Popote wapi? Mimi niko hapa hapa."

"Basi hapa hapa. Unagusa jina, linaimba."

Metaxia akazungusha kikombe. Kisha akauliza swali alilopaswa kuuliza, maana hakuwa mjinga: "Na nani mwingine atasikia?"

"Familia tu, shangazi. Mgeni haingii."

Jioni, Dikeos alipokwenda kuoga baharini, Metaxia akanigeukia mimi. "Nikita, wewe ungefanyaje?"

Nikamwambia ukweli wangu. Nina santuri za marehemu baba, zimepinda, hazichezeki, lakini ziko kabatini na ufunguo ninao mimi. Kitu kikiwa chini ya kitanda chako, anayekitaka lazima aje akuombe, na akikuomba unamwona uso. Akaninyooshea kidole, kimepinda kwa uzee.

"Na kidole hiki kikishindwa kubonyeza? Nikifa mimi, watazitupa kwenye pipa pamoja na chupi zangu. Sauti ya mama nimeshaipoteza. Sitaki kupoteza na nyingine."

Alichagua mwenyewe, tena kwa sababu nzuri, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Akampa Dikeos sanduku zima. Paraski akasaidia kulibeba mpaka kwenye gari.

Sasa nieleze neno "familia" lina maana gani kwetu. Ukoo wa Metaxia una watu Piraeus, una watu Gytheio, una watu Australia na Kanada, na kila mmoja wao ameoa au ameolewa kwenye ukoo mwingine wa mlima huu. Tumeoana sana kwa sababu zamani ndiyo ilikuwa njia ya kuacha kuuana. Dikeos alifungua kundi kwenye simu, akaliita Familia, akawaingiza wote. Wote wakawaingiza wake zao na wakwe zao. Kisha akaweka humo kanda zote, kila moja na jina lake, kwa fahari kubwa. Alikuwa amezisafisha kweli. Sauti zilitoka safi kuliko siku zilipoimbwa, na kila neno lilisikika.

Simu haina kikohozi.

Iliyowasha moto ilikuwa kanda ya Kalapothos, kaka yake Paraski, aliyekufa hospitalini Kalamata. Siku ya msiba wake Paraski aliimba, na nusu ya kijiji tulimsikia kupitia dirishani:

Kaka ulilazwa pweke,
binamu na jembe lake,
shamba likawa la kwake,
jiwe likishasogea.

Binamu ni Stathis. Jiwe ni la mpaka wa mizeituni. Kila mtu hapa anajua kwamba Stathis alilisogeza wakati Kalapothos yuko kitandani, na Stathis mwenyewe anajua kwamba tunajua. Siku ile ya msiba alisimama mlangoni kofia mkononi, akasikiliza mpaka mwisho, akambeba maiti bega kwa bega na wengine. Deni lake alilipa hapo. Ndivyo tulivyokubaliana kuishi.

Lakini mjukuu wake alikuwa amechumbiwa mjini Gytheio na watu wenye hoteli. Mama wa mchumba akasikiliza wimbo ule jikoni kwake, mara ya kwanza, mara ya pili, akauliza kwa upole hilo jiwe ni jiwe gani. Haukupita muda pete ikarudishwa. Sababu waliyotoa ni kwamba vijana bado wadogo.

Stathis alikwenda uani kwa Metaxia. Nilikuwepo, nilimpelekea gesi ya jiko. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali apaze.

"Metaxia, nilisemwa Kalapothos akiwa amelala mbele yangu. Nilinyamaza, maana ilikuwa haki yake. Wewe umefanya nisemwe na watu wa Melbourne. Wao nimewakosea nini?"

"Stathis, sikujua. Waliniambia familia tu."

"Na mimi ni nani yako? Mbwa?"

Akaondoka. Mimi nikafunga ule mtungi wa gesi, na Metaxia akaniuliza mara mbili kama bado nipo.

Paraski alikuwa mbaya zaidi, kwa sababu alipendwa zaidi. Kwanza hakuja mkahawani. Siku Metaxia alipomfuata mlangoni, alimwacha amesimama nje kwenye jua.

"Mimi niliimba kwa kaka yangu," alisema Paraski. "Sikuimba kwa wenye hoteli. Juzi mtoto wa dukani Areopoli kanichezea sauti yangu mwenyewe, anacheka, ananiambia bibi umetisha. Nilikuwa namlilia kaka yangu, Metaxia. Nilikuwa nimejikojolea kwa kilio, na huyo ananiambia nimetisha."

"Nitamwambia Dikeos afute."

"Mwambie na upepo urudi nyuma."

Metaxia alimpigia Dikeos kutoka simu ya mkahawani, kwa kuwa ile mpya aliyoletewa na huyo mpwa aliiogopa. Nilisikia pande zote mbili, yule kijana husema kwa sauti kama yuko jukwaani. Ndiyo, shangazi, ameshafuta. Lakini watu walikuwa wameshajihifadhia, na hilo hana uwezo nalo. Metaxia akasema basi amrudishie kanda zake.

"Kanda zipi, shangazi?"

"Zangu. Zilizo kwenye sanduku."

"Hizo nilizitupa. Zilikuwa zinanuka. Si unazo zote kwenye simu?"

Metaxia aliweka simu chini taratibu, akanishukuru, akaenda nyumbani. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye hakuwahi kuwa mtu wa kujidanganya. Tangu siku ile hakuna aliyebisha hodi jikoni kwake siku ya kumbukumbu. Mwenye simu angemhitaji kwa lipi? Na misibani wanawake waliacha kuimba. Waliingia, wakawasha mshumaa, wakatazama mikoba ya wenzao kama kuna simu inayowaka ndani, wakanyamaza. Tulimzika kwanza fundi mawe, kisha mke wa padri, maana mapadri wetu Waorthodoksi huoa, kimya kimya kama watu wa mjini. Metaxia alikwenda misiba yote miwili. Wa kwanza alifungua mdomo kuimba, na wanawake wawili wakainuka wakatoka. Wa pili hakujaribu.

Alikufa mwezi wa pili, kwa ugonjwa wa mapafu. Nilikwenda kumwona siku chache kabla, nikamkuta amejifunika mablanketi yote ya nyumbani. Hakuuliza habari za daktari. Aliuliza: "Paraski anasemaje?"

Nikasema Paraski anamsalimu. Alinijua naongopa. Akageukia ukutani.

Asubuhi ya maziko wanawake walikuja, lazima niseme walikuja wote. Walikaa kuzunguka jeneza na vitambaa vyao vyeusi. Paraski alikaa miguuni, mikono mapajani, midomo ameibana mpaka imekuwa myeupe. Sisi wanaume tulikuwa uani, na dirisha lilikuwa wazi, na hakuna sauti iliyotoka. Sijawahi kuona aibu kama ile. Hata mapadri wawili waliokuja kumzika hawakuzungumza. Nilitamani niingie niimbe mwenyewe, mimi mwanamume mwenye masharubu, lakini sijui kutunga hata ubeti mmoja.

Dikeos ndiye aliyevunja ukimya. Nilimsikia ndani akibembeleza: "Shangazi Paraski, mwimbie basi. Mlikuwa kama ndugu."

"Yangu yote unayo," alisema Paraski. "Tafuta humo."

Na yule mjinga akatafuta. Nadhani aliona ndiyo heshima iliyobaki. Alichagua kanda iliyotoka safi kuliko zote, akaiweka simu juu ya kifua cha shangazi yake, kati ya mikono iliyofungwa na sanamu ya Bikira, akagusa jina. Sauti ya Metaxia ikatoka dirishani, ya ujanani, yenye nguvu, inamlilia mwanamke wa kijiji cha pili aliyekufa akijifungua:

Potitsa mama wa wana,
watano wanakuona,
mlangoni wamebana,
nani atawapikia?

Wanaume tukavua kofia kwa mazoea, kisha tukatazamana. Mzee aliyekaa karibu nami, ambaye masikio yake yamebaki kidogo, akanishika mkono wa koti.

"Nikita, afadhali amepatikana mtu. Ni nani anayemlilia?"

"Hakuna," nikamwambia. "Ni yeye mwenyewe, na anamlilia mtu mwingine."

Wimbo ulikuwa mrefu. Ndani hakuna mwanamke aliyeuzima.