Wa Tatu Kutoka Nyuma

Admin, naomba unifichie jina. La binti yangu nimelibadilisha mwenyewe, maana Bagamoyo ni ndogo na wengi humu tunajuana.

Mimi ni mjane wa miaka thelathini na tisa. Elimu yangu ni darasa la saba, nashona nguo nyumbani. Naishi na binti yangu Rehema, yuko kidato cha tatu, na mama mkwe wangu ambaye macho yake yamefifia. Eda nimemaliza juzi juzi tu.

Marehemu mume wangu alikuwa mtunza stoo kwenye shamba moja huko Makurunge. Alipenda filamu kuliko chakula. Wenzetu wanaangalia kwenye simu, sisi mpaka leo tuna deki ya DVD, rimoti yake imefungwa mpira. Kila Jumapili baada ya swala ya adhuhuri aliweka CD mbili, kwanza ya mapigano, halafu ya wanyama. Kabla ya kuiweka aliipulizia pumzi, "haa," akaifuta kwa pindo la msuli wake.

Za mapigano zilikuwa zimeshatafsiriwa, lakini hakunyamaza. Steringi akizingirwa na maadui mimi najifunika uso kwa khanga, yeye ananicheka: "Mama Rehema, fungua macho. Steringi hafi." Za wanyama zilikuwa Kiingereza mwanzo mwisho, na hapo yeye ndiye alikuwa mtafsiri wetu. Mimi na mama mkwe tulimsikiliza yeye, si yule Mzungu anayesimulia.

Kuna moja ya tembo tumeiangalia labda mara ishirini. Ni wakati wa ukame, mtoto wa tembo ananasa kwenye tope. Mama yake anamvuta kwa mkonga, anashindwa, jua linazama, picha inakatika. Kisha linaonekana kundi linatembea. Hapo siku zote mume wangu alikohoa kidogo, akasema, "Wamemtoa usiku, kamera haikuona. Yule pale, wa tatu kutoka nyuma." Na kweli wa tatu kutoka nyuma ni mtoto. Mama mkwe husema "Alhamdulillah" kila mara, kama vile ndiyo kwanza anaiona.

Mwaka jana alianza kudhoofika. Alikwenda Dar hospitali peke yake, maana mimi nilikuwa na sare za shule za watu zinasubiri. Akarudi na karatasi ya Kiingereza. Nikamwambia anisomee. Akakaa dirishani, akasoma taratibu: "Wanasema ini limechoka. Nipunguze chumvi, nipumzike, nirudi baada ya miezi sita."

Nikamuuliza, "Karatasi yote hiyo, ndiyo maneno hayo tu?"

Akacheka. "Madaktari wanapenda kuandika. Steringi hafi, mama Rehema."

Miezi mitatu haikutimia.

Sasa nisikilizeni. Katika miezi ile nilimsema sana. Siku moja paa la jiko linavuja, yeye amelala mkekani, nikamwambia, "Umeambiwa upumzike, hukuambiwa uwe gogo." Aliinuka, akapanda, akaliziba, akashuka anatweta huku ameshika ngazi. Akaniuliza, "Haya, umeridhika, bibie?" Tukacheka wote. Mimi nilicheka.

Eda ilipokwisha Rehema akaweka ile CD ya tembo. Kufika kwenye tope akaniambia, "Mama, leo ndiyo nimemsikiliza Mzungu mwenyewe, mbona baba alikuwa anasema ametolewa? Hapa wanasema amekufa. Na lile kundi ni jingine kabisa."

Nikamwambia azime. Alipokuwa anairudisha CD kwenye kava lake, nyuma ya ile picha ya juu ikatoka karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mama, hii ya hospitali. Ya baba. Nikusomee?"

"Lete hapa. Kaoshe vyombo."

Tangu siku hiyo iko kwenye droo ya cherehani. Nikishona, nikisimamisha gurudumu, nasikia "haa" nyuma yangu, ile pumzi ya kufutia CD. Nageuka, naona deki na kitambaa chake. Najaribu kukumbuka kama siku ile dirishani alikohoa kabla ya kusoma. Sikumbuki. Nakumbuka rangi ya shati lake, nakumbuka kuku alikuwa amepanda kizingitini, kukohoa sikumbuki.

Najua mtaniambia nimpelekee mganga wa zahanati, au niipige picha simu initafsirie. Lakini yale yalikuwa maneno ya mimi na yeye. Kama alikuwa anajua, basi nilimpandisha juu ya paa mtu anayekufa. Kama hakuandikiwa hivyo, namshuku marehemu bure, na yeye hawezi kujitetea.

Nilikuwa nimeamua kumpa Rehema anisomee. Jumapili iliyopita mama mkwe akaomba tembo. Kumbukeni, huyu ni mama aliyemzika mwanawe wa pekee. Ikafika pale kwenye tope, jua likazama, akauliza, "Eti mjukuu wangu, yule mtoto katoka?"

Rehema alinitazama. Akageukia runinga, akakohoa kidogo.

"Katoka, bibi. Yule pale, wa tatu kutoka nyuma."

"Alhamdulillah."

Ilikuwa ni sauti ya baba yake.

Ndugu zangu, hasa mliofiwa na waume, nawaomba ushauri na msinitukane. Karatasi ninayo hapa. Niizike, au nimpe binti yangu? Na nikimpa, akaketi pale dirishani akakohoa kidogo kwanza, nitamwamini?