Pweza wa Bi Time na Hati Niliyoipigilia Mlangoni

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkaguzi Mkuu wa Afya wa mji wa Tanga alinikabidhi kofia, tochi na daftari. "Tochi ni ya kumulika chini ya meza za jikoni," alisema. "Mwenye mgahawa husafisha pale anapojua utapaona." Alikuwa Mwingereza mrefu, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu. Mimi nilikuwa Msambaa, mtoto wa Kilutheri niliyeshuka kutoka milimani, na pweza nilikuwa sijapata kumwona. Ilikuwa miaka ya hamsini.

Sisi mabwana afya tulizunguka kwa baiskeli kukagua migahawa. Tulitazama karo, pale panapooshewa vyombo na maji machafu yanapotokea. Tulitazama wavu wa kuzuia nzi. Samaki tulimbonyeza kwa kidole, maana nyama yake ikiwa nzima hurudi juu, na iliyoharibika hubaki na shimo. Kwa kuwa niliingia kila jiko, watu wakawa wananiuliza wakale wapi, nami sikuwa mchoyo wa jibu. Mahoteli yenye vitambaa vya meza waliyajua wenyewe. Mimi niliwapeleka mtaa wa Usagara kwa fundi baiskeli, ambaye mkewe alipika muhogo wa nazi nyuma ya karakana, nawe unakula huku umezungukwa na matairi. Lakini niliyemsifu kuliko wote ni Bi Time wa Ngamiani.

Bi Time alikuwa mjane kutoka Pemba. Mgahawa wake ni ua wa nyumba yake, na leseni anayo. Alipika chungu kimoja tu kwa siku, pweza wa nazi, na kikiisha hufunga mlango hata angekuja liwali. Watu walikula wanne wanne katika sinia moja, kuli na karani bega kwa bega. Mara ya kwanza nilitia tonge kinywani nimefumba macho kwa woga. Mara ya pili niliyafumbua.

Siku moja niliwaelekeza huko makarani watatu wa reli, wageni mjini. Kesho yake wote watatu walilazwa kwa kuhara na kutapika. Mkaguzi Mkuu aliniita.

"Nani aliwapeleka kwa yule mama?"

"Mimi, bwana."

"Umeajiriwa kukagua, si kunadi. Hati ya kufunga hii hapa. Utaibandika wewe."

Bi Time alisimama akinitazama nikipigilia msumari.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

"Marahaba. Jiko langu umelimulika wewe mwenyewe juzi. Uliona nini?"

"Sikuona kitu, bibi."

"Basi piga msumari wako, mwanangu."

Sikuweza kula siku ile. Jioni nilikwenda hospitali na daftari langu, nikaanza kuuliza upya, kitanda kwa kitanda. Katika wodi ya wanawake, jirani na ya makarani, alikuwapo mama wa Kibondei, muuza ndizi, mwenye ugonjwa uleule.

"Mama, ulikula pweza?"

"Pweza! Mdudu yule? Sijamla maisha yangu."

"Ulikunywa nini?"

"Maji ya ukwaju, pale nje ya stesheni. Jua lilikuwa kali."

Niliwarudia makarani. Wote watatu waliyanywa waliposhuka garimoshi, hakuna aliyewauliza. Asubuhi nilichota sampuli kutoka pipa la muuza ukwaju, nikaipeleka maabara ndani ya chupa iliyochemshwa. Majibu yalipotoka, kwamba vijidudu vimo katika maji ya ukwaju, Mkaguzi Mkuu aliyasoma mara mbili.

"Nenda kaibandue," alisema. Kisha, bila kuniangalia: "Ilinipasa nami niulize walikunywa nini."

Nilikwenda mbio Ngamiani, nikidhani nitapokewa kwa vigelegele. Bi Time aliipokea ile hati, akaikunja.

"Karatasi umeitoa. Maneno yaliyo vinywani mwa watu utayatoaje?"

Kweli, chungu chake kilibaki kimejaa wiki nzima, na waliopita walivuka upande wa pili wa njia. Ndipo nilipofanya jambo ambalo halimo katika kanuni. Adhuhuri nilivaa sare yangu yote na kofia, nikaomba sinia langu liwekwe barazani, machoni pa watu, nikala. Kesho yake nikala tena. Siku ya tatu alikuja kuli mmoja, akanawa mikono, akakaa. "Bwana afya akifa, nami nitakufa nimeshiba," alisema. Siku ya nne alikuja Mkaguzi Mkuu kwa miguu, akavua kofia, akauliza kama imebaki nafasi. Bi Time alimsogezea jamvi. Kabla ya alasiri chungu kilikuwa kitupu.

Nimestaafu, nakaa Nguvumali, na vijana bado wanakuja kuniuliza pa kula. Nawaambia ninavyojua, kwa sauti ileile ya ujanani, maana najua bado. Ila jambo hili nalishika: ukimwelekeza mgeni pa kula, umeshakuwa mwenyeji wake, na mpishi umemdhamini. Likitokea la kutokea, usijifiche nyuma ya hati. Nenda ukakae kwenye jamvi, ule.