Nilivyomtoa Bibi Nyangeta kwenye Meza ya Bwana

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Huu ni mwaka wa pili nimekaa nalo, na nimeona heri niwaambie ninyi msionijua kuliko kufa nalo.

Nilikuwa narudi nyumbani kutoka Tunduma. Siku mbili barabarani: Mbeya, Iringa, Dodoma, Singida, Mwanza. Basi likanishusha Bunda asubuhi, nikachukua bodaboda hadi kijijini kwetu, upande wa Buswahili, wilaya ya Butiama. Nina miaka arobaini na minne, na tangu nimalize kidato cha nne sijatulia mahali miaka mitatu mfululizo. Nimechimba dhahabu Geita, nimebeba mizigo Musoma mjini, nimeuza mitumba mpakani. Kote huko nilikuwa nikiota kitu kimoja: kanisa letu la mlimani, lile la mawe. Baba yangu alikuwa mmoja wa waliopasua mawe yale, na mimi nilibatizwa humo.

Nyumba ya wazazi nilikuta imeanguka. Aliyenipokea ni Bibi Nyangeta, mjane, rafiki wa marehemu mama. Alinipa chumba, akanipikia ugali wa mtama na samaki, kamongo. Akasema, "Kaa, mwanangu. Mama yako alikufa akikutazamia njiani."

Bibi hakujaliwa mtoto. Mumewe alipofariki, alifanya kama wanawake wengi wa kwetu Mara: alitoa ng'ombe, akamuoa msichana aitwaye Wakuru, ili amzalie, kwa mwanamume wa pembeni, watoto watakaobeba jina la marehemu mumewe. Nyumba ntobhu, ndivyo tunavyoita. Watoto walikuwa watatu, na walimwita bibi. Kanisani kila mtu alijua, na hakuna aliyesema. Wakuru aliitwa "mkwe wa Nyangeta", basi. Wachungaji walikuja na kuondoka bila kuuliza mkwe huyo ameolewa na mtoto gani.

Wakati huo kanisa letu la Kipresbiteri lilikuwa limeamua kuunganisha sharika mbili jirani, wa mlimani na wa mtoni. Mchungaji alikuwa mmoja, waumini wamepungua. Jengo moja libaki, lingine ling'olewe mabati. Wangepiga kura ya kuchagua jengo wale tu wanaoshiriki Meza ya Bwana, wasiowekwa chini ya adabu ya kanisa, yaani wasiotengwa kwa kosa.

Bibi Nyangeta alikuwa mzee wa kanisa wa mtoni, na akina mama wote walimfuata.

"Mtoni ni tambarare," aliniambia tukila. "Sisi wenye magoti mabovu tutapandaje huko kwenu?"

"Bibi, lile kanisa ni la wazee wetu."

"Wazee wako walikuwa na miguu. Na wewe unaondokaga kila mwaka. Utasali humo lini?"

Nilicheka, lakini neno lile liliniuma. Nikaanza kuhesabu vichwa. Mtoni wangetushinda kwa watu watano au sita.

Siku ya kura tulikutana mlimani baada ya ibada, sharika zote mbili. Bibi alipandishwa kwa pikipiki. Mchungaji, kijana mgeni aliyetoka Musoma mjini, akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama.

"Mchungaji, naomba kuelimishwa. Mwanamke aliyeoa mwanamke mwenzake ana haki ya kupiga kura?"

Mchungaji akainua macho kutoka kwenye daftari.

"Ni nani huyo?" akauliza.

"Aulizwe mzee Nyangeta, mume wa Wakuru."

Vijana wa nyuma wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Shemeji Wakuru, bwana harusi anaitwa." Wakuru alikuwa amekaa na watoto wake watatu. Akamfunika mdogo masikio kwa khanga.

Bibi alinyanyuka kwa kushika benchi. Hakumtazama mchungaji. Alinitazama mimi.

"Umekula kwangu miezi miwili," alisema. "Mimi nilikuuliza umeoa nani?"

Nilipaswa kukaa chini. Nikasema, "Angalau mimi sijalipa ng'ombe kununua tumbo la mtu." Nilisema hivyo ndani ya kanisa alilojenga baba yangu.

Mchungaji hakuwa na njia tena. Jambo ambalo halijatamkwa linaweza kuvumiliwa. Likishatamkwa mbele ya mchungaji lazima liandikwe. Bibi alivuliwa uzee wa kanisa na kutengwa na Meza siku ileile. Akina mama wa mtoni walitoka nje pamoja naye bila kupiga kura. Mlima ukashinda.

Aliambiwa atarudishwa akivunja ndoa ile. Alikataa. Lakini ndugu za Wakuru, watu wa Bunda, walisikia dada yao amegeuzwa kichekesho kanisani. Wakaja wakamchukua, yeye na watoto wote. Mtoto mkubwa aling'ang'ania nguzo ya mlango hadi mjomba wake akamchomoa vidole kimoja kimoja. Bibi alikuwa amekaa uani. Mimi nilisimama pembeni na mikono yangu.

Jumapili zilizofuata Bibi alipanda mlima kwa miguu. Alifika ibada imefika katikati, akakaa benchi la mwisho. Mkate ulipopitishwa, mzee aliyeugawa aliruka nafasi yake kama vile hapana mtu. Wenzake wa mtoni walikoma kuja. Kanisa langu la mawe lilikuwa na watu wachache kuliko nilivyowahi kuliona.

Nilimwendea mchungaji nikamwomba nifute maneno yangu. Akaniuliza, "Ulisema uongo?" Nikajibu hapana. "Sasa unafuta nini?"

Nikamwendea Bibi. Nilimkuta ametoka kuteka maji mwenyewe, ndoo nusu. Nikapiga magoti.

"Inuka, utachafua suruali," alisema. "Kuondoka unajua, ondoka. Mimi ndiyo sina pa kwenda."

Nawaambia ninyi mnaoishi mbali na mnakumbuka nyumbani: mkirudi mkikuta watu wanaamua jambo lao, nyamazeni. Huna haki ya kumvunja anayeishi pale ili kumbukumbu yako ibaki imesimama. Na siri uliyoila kwenye sahani ya mtu, ife nawe.

Niliondoka Jumatatu, na sitarudi. Kwa desturi yetu anayehama hupewa barua ya kupeleka kanisa aendako, na mchungaji aliniandikia yangu. Niliifungua Bunda nikisubiri basi. Ilisema mimi ni mshirika mwenye mwenendo mwema, sijawahi kutengwa, na napaswa kupokewa Mezani popote nitakapofika.