Hapa Haingii Kifaranga wa Boksi

Saa nne asubuhi jua la Bariadi limeshaanza kuchoma mabati, lakini Philomena Ndaki amejifunika blanketi zito kutoka kichwani hadi kiunoni. Ukimwona kupitia dirishani utadhani ana homa. Chini ya blanketi ana giza lake, tochi ya simu, na yai moja kati ya vidole.

"Huyu yupo," sauti inatoka ndani.

Mkono unatokeza na kulirudisha yai kwenye trei. Wifi yake, Winnie, anampa la pili.

"Yupo."

La tatu analigeuza muda mrefu. Kwenye mwanga wa tochi, yai lenye uhai huonyesha mishipa myembamba myekundu, kama mizizi ya mche. Hili ni jeupe tupu.

"Hayupo. Toa."

Leo ni siku ya saba tangu mayai haya yaingie kwenye mashine. Mashine hiyo, aliyoundiwa na fundi wa Maswa kwa mbao na bati, inabeba mayai mia tano. Asubuhi hii imebeba kumi na manne tu.

"Umeme unakula uleule, yawe kumi na manne au mia tano," anasema Winnie.

"Acha ule," anajibu Philomena. "Haya nisipoyatotoa, mashine naifanya kabati la nguo."

Philomena ana umri wa miaka arobaini na minne, na kwa miaka sita ametotolesha vifaranga katika chumba kimoja cha nyumba yake. Mayai hakuwa akiyanunua. Yalikuwa yakija yenyewe kutoka Zagayu, wilayani Itilima, alikozaliwa.

Huko, mwanamke mwenye mayai lakini hana kuku anayelalia huyapeleka kwa jirani mwenye tetea. Kila mmoja huyachora yake kwa mkaa: mstari mmoja, msalaba, duara. Vifaranga wakitotolewa, wanawake wanagawana, na mwenye tetea anachukua fungu lake bila maneno mengi.

Philomena aliuhamishia utaratibu huo kwenye mashine. Akina mama walileta mayai na alama zao za mkaa, naye akachukua kifaranga mmoja katika kila wanne. Kwa kuwa yai likipasuka alama nayo hupotea, siku tatu za mwisho aliyatenga kwenye mifuko ya wavu ya vitunguu, kila nyumba na mfuko wake.

"Mashine yangu ni tetea tu," anasema. "Ila hana miguu, na hadonoi wageni."

Mwezi mzuri ulimwachia vifaranga mia moja, akiwauza mjini kwa shilingi 1,800 kila mmoja. Kila kifaranga alitoka na chanjo ya tone la jichoni. Zagayu nzima walijua: wa kwa Philomena amechanjwa.

Kisha yakaja maboksi.

Yalipanda basi kutoka mpakani, ya karatasi ngumu, yenye matundu ubavuni na picha ya jogoo mwekundu juu. Ndani walilia vifaranga wa siku moja walioanguliwa ng'ambo. Aliyeyapokea stendi na kuyasambaza kwa pikipiki alikuwa Kasmiri, kijana mchangamfu wa mjini, na bei yake ilikuwa shilingi 1,100.

"Wana cheti cha mifugo?" Philomena alimuuliza siku ya kwanza.

"Dada, kifaranga hana pasipoti," Kasmiri akacheka. "Amezaliwa jana, unamdai karatasi?"

Philomena hakucheka. Lakini anakiri kwamba si kila neno la Kasmiri lilikuwa la kipuuzi.

"Aliniambia, 'Wewe unatoa mia kwa mwezi. Mtu wa Bariadi anataka mia tano kesho. Akiagiza Dar anangoja wiki mbili, na wakifika nusu wamekufa njiani. Mimi mpaka uko jirani. Sasa nani anamsaidia mfugaji?' Nikamwamini. Hapo ndipo nilipokuwa mjinga."

Ujinga anaousema aliufanya Julai mwaka jana. Kikundi cha akina mama wa Zagayu kilikuwa kimeijaza mashine mayai yao na kuagiza vifaranga mia tatu kwa siku moja. Umeme ukakatika siku mbili mfululizo. Alihangaika na chupa za maji ya moto, akazipanga katikati ya trei, akazibadilisha kila saa. Walitotolewa mia na themanini.

Siku ya kukabidhi ilikuwa kesho yake. Philomena alimpigia Kasmiri simu.

Akanunua vifaranga mia na ishirini. Akawachanganya na wake chini ya taa moja, chakula kimoja, maji mamoja. Asubuhi akawapeleka Zagayu. Mwenyekiti wa kikundi, mama mtu mzima aitwaye Nyanjige Limbu, akauliza swali moja tu.

"Wamechanjwa?"

"Wamechanjwa, mayu," Philomena akasema, akimwita mama kwa Kisukuma.

Kasmiri ndiye aliyekuwa amemwambia hivyo. Kwenye boksi hapakuwa na lolote zaidi ya jina la kampuni na yule jogoo mwekundu. Akina mama, kwa kuliamini neno lake, waliwaingiza vifaranga jikoni usiku uleule, wakalala pamoja na kuku wakubwa, kama walivyofanya miaka yote.

Siku ya sita vifaranga wakaanza kusinzia. Ya tisa, kuku wakubwa wakapinda shingo. Afisa mifugo alipofika alitaja kideri, ugonjwa unaofagia kuku, na hakuwa na dawa ya kuwapa. Wiki ya tatu nyumba nyingi za kikundi hazikuwa na jogoo wa kuwika.

Kwa Nyanjige walikufa arobaini na watatu. Walikuwa kuku wenye kishungi kichwani, uzao wa tetea aliyepewa na mama yake siku alipoolewa. Alimpigia Philomena simu, na maneno yake Philomena anayakumbuka yote.

"Mbegu ya mama yangu imeisha. Imeishia mikononi mwako."

Afisa hakuweza kuapa kwamba ugonjwa ulitoka kwenye boksi lile.

"Yeye haapi," Philomena anasema, na hapa anaitupa khanga aliyokuwa akifutia jasho. "Mimi naapa! Miaka sita vifaranga wangu wanaingia Zagayu, hakuna aliyepinda shingo. Boksi moja tu. Boksi moja, na mdomo wangu uliosema wamechanjwa."

Mayai yalikoma kuja. Na katika miezi ile ile, walikuja wageni wengine: maofisa wawili, wakitaka kuona kibali cha kutotolesha, fomu ya ukaguzi na risiti ya ada. Walipima chumba kwa futi kamba. Wakati wanapima, pikipiki ya Kasmiri ilipita mlangoni na maboksi manne, vifaranga wanalia mtaa mzima unasikia.

"Nikawaambia, jamani, hao hamwasikii? Mmoja akanijibu, 'Mama, sisi tumekuja kwako.'" Anarudia maneno hayo polepole, kama mtu anayetema mchanga. "Mimi niliyezaliwa hapa, ninayetotoa mayai ya hapa, ndiye naulizwa karatasi. Kibali nilikata, kile pale ukutani. Cha yule aliyeleta kifo kwa basi kiko wapi?"

Kasmiri hakukata tamaa naye. Alirudi na pendekezo: ageuze chumba kiwe duka la maboksi, yeye alete, Philomena auze, mashine waibomoe na bati lake waliuze chuma chakavu. Philomena alichukua kipande cha mkaa jikoni akaandika mlangoni, mbele ya macho yake: HAPA HAINGII KIFARANGA WA BOKSI.

Ni maandishi hayo Nyanjige alisimama kuyasoma wiki iliyopita. Alikuwa amebeba ndoo ya plastiki yenye pumba za mpunga.

"Mwangaluka, mayu," Philomena alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Usiniite mayu leo."

Akaketi. Akachimba pumba kwa vidole, akatoa yai moja, lina mistari mitatu ya mkaa. Kisha lingine. Kumi na manne.

Binti yake Kija aliolewa Maswa miaka minane iliyopita, na kwa desturi ya nyumba yao aliondoka na tetea mwenye kishungi chini ya kwapa. Kuku wa Zagayu walipokwisha, wa Kija walikuwa hai. Nyanjige alikwenda kuyafuata mayai mwenyewe.

"Ungewapa kuku wa Maswa wayalalie hukohuko," Philomena alimwambia. "Kwa nini mimi?"

"Wewe ndiye uliyeimaliza, wewe ndiye utakayeirudisha," Nyanjige akajibu. "Sikuja kukusamehe. Nimekuja kutotolesha. Zagayu wanasubiri waone nitakachorudi nacho."

Philomena amekataa fungu lake la kifaranga mmoja kwa wanne. Wakitoka, atakaa nao mpaka wachanjwe mara mbili, kisha atawapeleka mwenyewe. Siku hiyo atabeba chupa za chanjo kwenye chombo chenye barafu, apite nyumba kwa nyumba kuwachanja kuku waliobaki, na hataomba yai hata moja. Watakaotaka kuleta, watajua njia.

Chini ya blanketi, yai la mwisho linageuzwa mbele ya tochi.

"Yupo," anasema. "Wifi, ni wangapi?"

"Kumi na moja."

"Hesabu tena."

"Kumi na moja, Philo. Nimehesabu mara mbili."

Nje honi inapigwa. Pikipiki imepunguza mwendo, na juu ya mlio wa injini zinasikika sauti nyembamba za vifaranga wengi.

"Dada!" Kasmiri anapaza sauti. "Bado unalalia mayai tu?"

Philomena analitupa blanketi chini. Uso umelowa jasho, nywele zimesimama. Anafika dirishani na kushika nondo kwa mikono miwili.

"Kumi na moja!" anamfokea.

Kasmiri anamtazama, haelewi anaambiwa nini. Ndani, nyuma ya Philomena, Winnie ameshaanza kuyarudisha mayai kwenye mashine, moja moja, alama za mkaa zikitazama juu.