Filamu Yake Ilioneshwa, Wakaja Kumlilia

Saa nane mchana. Kwenye chumba kisicho na dirisha, nyuma ya studio ya habari, mama mmoja mwenye miwani iliyoungwa kwa gundi anapangusa kanda ya filamu kwa pamba. Ina ukungu. Anaipuliza, anaisogeza kidogo, anapangusa tena.

Wenzake kazini wanamwita Mama Kanda. Zamani aliandaa kipindi cha filamu za kale kila Jumamosi. Kipindi kilifutwa. Siku hizi kituo hiki cha televisheni hurusha filamu hizo pale tu msanii mkongwe anapofariki.

"Watazamaji wameshazoea," anasema. "Wakiona filamu ya zamani hawaulizi inahusu nini. Wanauliza nani kafa."

Mazoea hayo ndiyo yaliyomponza mwaka jana. Mechi iliahirishwa kwa sababu ya mvua, mkuu wa vipindi akamwambia azibe pengo haraka. Akaweka filamu ya mwigizaji ambaye mpaka leo mtaani kwake anaitwa Bibi Harusi kwa sababu ya filamu hiyohiyo.

"Sikufikiria, jamani. Filamu naipenda, nikaiweka."

Haikufika hata katikati, majirani wakawa wamejaa uani kwa Bibi Harusi, wengine wanalia kwa sauti. Mwenyewe alikuwa anaanua nguo.

Kesho yake Mama Kanda alikwenda kuomba radhi, amejiandaa kwa matusi. Akakaribishwa chai. "Mwanangu, umeniua bila hata kunipa homa," Bibi Harusi alimtania, wakacheka wote.

Halafu akamwambia kilichomuuma. Mwanawe wa pekee, anayeishi mji mwingine, aliposikia filamu inaoneshwa alimpigia jirani simu jioni ile. Hakuuliza mama yake ameugua nini. Alisema kazi zimembana, wazike tu, atakuja akipata nafasi. Simu ilikuwa kwenye spika, na mama mtu alikuwa amesimama pembeni, anasikia kila neno.

"Nililia njia nzima," anasema Mama Kanda. "Angeweza kuishi bila kuyajua yale. Mimi ndiye niliyemjulisha."

Tangu hapo hupita kumjulia hali kila akipata siku ya mapumziko. Jicho moja la Bibi Harusi limeshapotea, na daktari amesema la pili halitamaliza mwaka. Ombi lake ni moja: "Nikifa usinioneshe, mwanangu. Nioneshe sasa, na mimi nijione."

Mama Kanda alilifikisha kwa mkuu wa vipindi zaidi ya mara tano. "Akiwa hai, nani ataangalia?" bosi alimjibu, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya. Nilipoyasikia hayo nilikasirika. Mama Kanda alishazoea.

Wiki iliyopita bosi alilegea. Ametoa Jumapili moja mchana, saa ambayo watu wengi wamelala, kwa sharti kwamba mwigizaji aonekane kwanza na kutangaza kuwa yu hai. Sharti la aibu, lakini Bibi Harusi amelikubali.

Mama Kanda ataenda na mpiga picha kumrekodi nyumbani kwake.

"Atasema, 'Mimi bado nipo,' basi. Ameniomba nisiyakate hayo maneno hata muda ukiwa mfinyu," anasema, akirudisha kanda kwenye kasha lake. "Anasema yuko mtu mji mwingine ambaye lazima ayasikie."